Stapleton hakuutunga Tennessee Whiskey. Sasa ule wimbo ni wa nani?

#1 KofiaPana
Wakuu, Jumapili njema. Nimetoka sasa hivi kwa shemeji yangu na nyama nimeiacha mezani kwa hasira. Spika inapiga Tennessee Whiskey, ule wimbo wa country ya Marekani, shemeji kainua glasi: "Huyu Chris Stapleton anajua kuandika, bwana." Nikamwambia, shemeji, huo hakuuandika yeye. Akacheka mbele ya watu. Akasema mimi ni mtu wa Kenny Rogers, vijana niwaachie mambo yao.

Sasa sikilizeni. Wimbo waliutunga watu wawili, Dean Dillon na Linda Hargrove. David Allan Coe akaurekodi 1981. George Jones akauimba 1983, ukashika chati, Stapleton wakati huo ana miaka mitano. Yeye kauchukua 2015.

Hoja yangu: kwenye country mwenye mali ni mtunzi. Mwimbaji ni kuli, anabeba gunia la mwenzake mpaka sokoni. Mbona kuli tunamjua kwa jina na mwenye gunia hatumjui? Na kama Stapleton angekuwa na kalamu, si angeandika wa kwake?

Karibuni. Matusi hapana.

#2 MtotoWaMabibo
Uzi wa wazee wa kofia za ng'ombe huu. Nakaa pale pembeni na karanga zangu.

#3 Nyakio_Limuru
@KofiaPana umeanza vizuri, mwisho ukaharibu. Stapleton alifika Nashville, mji mkuu wa country kule Marekani, 2001 na kazi yake ilikuwa kuandika. Your Man ya Josh Turner, ile sauti ya chini inayotetemesha madirisha? Stapleton ni mmoja wa watunzi watatu. Drink a Beer ya Luke Bryan, ni yeye na Jim Beavers. Never Wanted Nothing More ya Kenny Chesney, yumo. Miaka zaidi ya kumi aliwabebesha wengine magunia yake. Halafu wimbo uliomfanya dunia imjue ukawa ni gunia la watu wengine. Hapo ndipo pa kucheka.

Ilikuwa usiku wa tuzo za CMA, zile za muziki wa country, Novemba 2015. Aliimba na Justin Timberlake, akaondoka na tuzo tatu, na albamu yake Traveller iliyokuwa sokoni tangu Mei ikaruka mpaka namba moja. Usiku mmoja tu.

#4 KofiaPana
Dada Nyakio, hapo kwenye kalamu nafuta kauli. Hoja ya kuli inabaki.

#5 Babu Stesheni
Hayo ya Stapleton siyajui, mimi naishia kwa Don Williams. Huyo hakuwa na haja ya mtunzi, aliandika mwenyewe kila kitu. You're My Best Friend alimwandikia mkewe. Mimi na marehemu mama watoto tuliupiga kila mwaka tarehe ya ndoa yetu, kaseti mpaka ikaanza kuvuta.

#6 Fundi Redio
Shikamoo Babu Stesheni. Samahani nakukosoa mzee wangu, huo aliuandika Wayland Holyfield. Na nyingi tunazompenda nazo Don Williams ni za Bob McDill: Amanda, Good Ole Boys Like Me, Say It Again. Tulsa Time ni ya Danny Flowers. Don alikuwa mtunzi pia, Lay Down Beside Me ni yake, ila "kila kitu" hapana.

#7 Babu Stesheni
Marahaba mwanangu. Basi miaka thelathini nimemshukuru mtu siye.

#8 MtotoWaMabibo
Babu 😂😂😂 pole lakini

#9 Fundi Redio
Turudi kwa kuli. Kuna jambo wengi hawalijui. Marekani, redio ya kawaida ya AM na FM ikipiga wimbo, mirabaha inakwenda kwa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji kwa kupigwa redioni halipwi hata senti. Hata awe nani. Kwa hiyo Tennessee Whiskey ikipigwa kwenye redio za Texas leo, anayeingiziwa ni mwenye haki ya utunzi, si Stapleton mwenye ndevu.

Kwenye mitandao ya kusikiliza muziki mambo yanageuka, huko mwenye rekodi anachukua fungu kubwa na mtunzi anabaki na makombo. Ndiyo maana watunzi wa Nashville wanaiabudu redio mpaka kesho. Nyinyi mnaona ushamba, wao wanaona karo.

#10 KofiaPana
Mmesikia? Kuli hana posho!

#11 Dereva wa I-40
Kuli anajaza viwanja, bwana mkubwa. Tiketi, fulana na kofia, zote anauza yeye. Mtunzi nani atamlipia tiketi?

Lakini ngoja niseme nilichokiona. Mimi mtu wa Bukavu, naendesha trela huku Marekani, njia yangu kubwa ni I-40 na inapita Nashville katikati. Siku moja nilikuwa na mapumziko ya lazima, nikaliacha trela nje ya mji nikaenda Bluebird Cafe, pale watunzi wanapoimba nyimbo zao wenyewe. Nilidhani nitakuta ukumbi wa maana. Nikapita mlango bila kuuona! Kiko kwenye safu ya maduka ya kawaida kando ya barabara, viti kama tisini hivi, ukiagiza soda unamgonga jirani kiwiko.

Watunzi wanne wanakaa katikati ya chumba, wanatazamana, sisi tumewazunguka. Mmoja alikuwa na tumbo, miwani kaining'iniza shingoni, ungemkuta kwenye duka la misumari ungemuuliza bei. Zamu yake ikafika, akaanza taratibu. Mstari wa kwanza haujaisha, mama wa meza yangu akaziba mdomo kwa viganja viwili. Wimbo wa harusi yake, aliniambia baadaye. Ameusikia redioni miaka yote na kumbe mwenye maneno ni huyu wa miwani. Na pale ukinong'ona unanyamazishwa, ndiyo sheria ya nyumba. Watu tisini kimya, unasikia barafu ikigeuka kwenye glasi.

Mimi wimbo wenyewe sikuujua. Nililia tu kwa sababu yule mama analia.

#12 Nyakio_Limuru
@Dereva wa I-40 heshima yako. Hii ndiyo comment ya uzi.

#13 Kalamu ya Tanga
Naomba kuuliza kijinga. Nimesoma majina ya watunzi kwenye nyimbo za siku hizi, nakuta wanne, watano. Shairi moja linaandikwaje na watu watano? Mmoja anashika kalamu wengine wanashika nini?

#14 Fundi Redio
Si swali la kijinga. Nashville kuandika ni kazi ya kwenda ofisini. Saa nne au saa tano asubuhi wawili watatu wanakutana kwenye chumba Music Row, mtaa wa ofisi za muziki, kahawa, gitaa, mtu anasema "nina kichwa cha wimbo". Alasiri wimbo upo. Kesho anakutana na wengine. Desturi yao ni kwamba mliokuwa chumbani mnagawana sawasawa. Hata kama wewe ulichangia neno moja na kwenda chooni mara mbili.

Siku hizi wa nne huwa ni fundi wa midundo, anakuja na kompyuta, wimbo unatoka ukiwa umekaribia kuiva. Na mwimbaji mwenyewe anaingizwa chumbani, ili naye apate fungu la utunzi. Ukikumbuka #9 utaelewa kwa nini anataka awemo.

Kuna bwana anaitwa Ashley Gorley, nyimbo zake zaidi ya 70 zimefika namba moja kwenye chati za country. Sabini! Nani hapa alikuwa anamjua?

#15 MtotoWaMabibo
Nilimjua ila nilidhani ni dada.

#16 Chumvi Kidogo
Ndiyo maana zinafanana kama mandazi ya kibanda kimoja. Gari kubwa, bia baridi, jinzi, barabara ya vumbi, msichana kapanda nyuma. Mkosoaji Jody Rosen aliiita staili hiyo "bro-country" mwaka 2013, enzi za Cruise ya Florida Georgia Line. Mwaka uliofuata wasichana wawili, Maddie & Tae, wakatoa wimbo mzima wa kuwasuta, na wimbo wenyewe ukafika namba moja. Nasema hivi: mkiandika watano kila mmoja anatoa neno ambalo wanne hawatalipinga. Linalobaki ni bia na gari.

Zach Bryan alirekodi albamu yake ya kwanza 2019 na rafiki zake kwenye nyumba ya kupanga, bado yuko jeshi la maji. Akaipa jina la marehemu mama yake, DeAnn. Anaandika mwenyewe. Tyler Childers wa Kentucky vilevile. Ukweli hauandikwi na kamati.

#17 Dada wa Mbeya
@Chumvi Kidogo hapo sikubali. Kuandika peke yako hakukufanyi mkweli, kunaweza kukufanya mlalamishi tu. Girl Crush iliandikwa na kina mama watatu, Lori McKenna, Hillary Lindsey na Liz Rose. Hebu niambie kamati gani ilipunguza makali pale.

Na huyo Lori McKenna ndiye wangu. Anaishi Massachusetts, mbali kabisa na Nashville, mama wa watoto watano. Humble and Kind aliiandika peke yake, anawaandikia wanawe yale ambayo mama hana muda wa kuyasema yote asubuhi. Tim McGraw akauimba 2016. Mimi niliuweka kwenye simu mwanangu wa kwanza alipokwenda bweni, nikarudi na basi Mbeya nikiwa nausikiliza, kondakta akaniuliza "mama, umefiwa?"

Kwa hiyo tusimhukumu mtu kwa idadi ya majina. Peke yake kaandika huo, na watatu wakaandika ule, mkono ni uleule.

#18 Chumvi Kidogo
Wanawake watatu ni mazungumzo. Wanaume watano na kompyuta ni kikao.

#19 Dada wa Mbeya
😅 Hiyo nakupa.

#20 Gitaa Kavu
Nipo Arusha, napiga mahotelini, country ndiyo inayonilisha. Watalii wanaomba John Denver, wenyeji wanaomba Dolly Parton, na saa nne usiku wote wanaomba The Gambler. Mnajua aliyeandika The Gambler, Don Schlitz, alikuwa kijana wa miaka 23 anayelinda kompyuta za chuo usiku? Wengine waliurekodi kabla ya Kenny Rogers, haukwenda popote. Kenny kaimba 1978, imekuwa dua ya wanywaji. Sasa @KofiaPana, gunia lilelile, makuli tofauti, mmoja tu ndiye aliyefika sokoni. Hapo kuli hana thamani?

Mimi nadhani siri iko kwenye kodi za gitaa. Kodi tatu, si za TRA. Hata mwanafunzi wa wiki mbili anakusindikiza. Nashville hawaandiki hata majina ya kodi, wanaandika namba: moja, nne, tano. Mwimbaji akishusha sauti hakuna kuandika upya, namba ni zilezile.

Kuhusu watunzi kusahaulika, mimi ni mmoja wao. Niliandika wimbo, nikampa msanii mmoja, makubaliano ya mdomo. Ukapigwa kila daladala. Jina langu halipo popote. Nilipomuuliza alinitumia elfu hamsini na emoji ya mikono iliyofumbatwa.

#21 Kalamu ya Tanga
Elfu hamsini na kutoa haijalipwa, nina hakika.

#22 Gitaa Kavu
Haikulipwa.

#23 Maryam wa Mji Mkongwe
Mnashangaa nini? Sisi kwenye taarab hili halina jipya. Malenga anakaa kwake na karatasi, mwimbaji anapanda jukwaani, kina mama wanainuka na noti wanamtunza mwimbaji. Mtunzi hatunzwi. Anakaa nyuma anasikiliza mafumbo yake yakienda kumchoma mtu aliyekusudiwa, na hiyo ndiyo raha yake. Nahisi huyo bwana wa miwani wa kaka dereva ana raha hiyohiyo.

#24 KofiaPana
"Mtunzi hatunzwi." Dada Maryam, hii naichukua.

#25 Chumvi Kidogo
Angalau wa kwetu tunawajua. Wimbo wa Kiswahili ukipigwa mtu anakutajia mtunzi bila kufikiri.

#26 Maryam wa Mji Mkongwe
Haya. Malaika ni wa nani?

#27 Chumvi Kidogo
Fadhili William.

#28 Babu Stesheni
Adam Salim.

#29 Nyakio_Limuru
Ooh, hapa hatulali leo.

#30 Fundi Redio
Fadhili William ndiye aliyeurekodi ukavuma, wapo wanaosema utungo ni wa Adam Salim, na Miriam Makeba akaupeleka duniani watu wakadhani ni wake. Mkitaka kugombana fungueni uzi mwingine, tafadhali. Turudi Nashville.

#31 Kipsigis Mpole
Kabla hamjarudi Nashville, piteni Kericho. Mnadhani country ililetwa kwetu na Jim Reeves wa Jumapili? Jimmie Rodgers, yule anayeitwa baba wa country, alifariki 1933. Santuri zake zikafika kwetu na gramafoni. Mwaka 1950 Hugh Tracey akapita Bonde la Ufa akirekodi ngoma za wenyeji, akakuta wasichana wa Kipsigis wanamwimbia mtu anaitwa Chemirocha. Chemirocha ndiye Jimmie Rodgers! Jina limeshapikwa kwa Kikipsigis. Na walimwona kama kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamwimbia acheze.

Miaka ya hivi karibuni nakala za rekodi zile zilirudishwa kijijini, wazee wakasikia sauti za ujana wao. Kwa hiyo mtunzi wa kwanza wa country kupendwa kwetu hakuhitaji hata kueleweka. Maneno yake hakuna aliyeyajua, ilikuwa ile sauti na gitaa. @Dada wa Mbeya unasema ni mashairi, mimi nasema ni ile sauti inayovunjika katikati.

#32 Dada wa Mbeya
Nusu mtu nusu swala 😭 hii sikuijua. Lakini bado, mimi sikulia kwenye basi kwa sababu ya sauti.

#33 Gitaa Kavu
Ni kodi, wakuu. Kodi.

#34 Nyakio_Limuru
Kwetu ni baa. Nasema ukweli. Mwenye gitaa moja wa mugithi anatoka wimbo wa Kikuyu anaingia Kenny Rogers bila kusimama na hakuna anayeshtuka. Country ina mwendo wa mtu anayekunywa polepole akifikiria shamba la baba lililouzwa. DJ akiweka kitu cha haraka watu wanakwenda nyumbani, mwenye baa anapata hasara.

#35 MtotoWaMabibo
Wazee naingia sasa, karanga zimeisha. Page nzima mmetaja wazungu na marehemu. Shaboozey je? Wazazi wake ni Wanaijeria, A Bar Song ilikaa namba moja Marekani wiki 19 mwaka 2024, sawasawa na Old Town Road ya Lil Nas X. Mtu mweusi wa kwanza kuimba country huyo.

#36 Fundi Redio
Ulianza vizuri dogo. Wa kwanza hapana. DeFord Bailey alikuwa anapiga kinanda cha mdomo Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha Nashville, tangu miaka ya 1920. Charley Pride aliuza mamilioni. Na banjo yenyewe asili yake ni vyombo vya Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa. Halafu kwa kuwa uzi huu ni wa watunzi: A Bar Song imejengwa juu ya Tipsy ya J-Kwon, wimbo wa rap wa 2004, na J-Kwon yumo kwenye orodha ya watunzi.

#37 MtotoWaMabibo
Kumbe nako kuna gunia la mtu.

#38 Dereva wa I-40
Na Fast Car. Luke Combs kauimba 2023, madereva wenzangu wazungu wakubwa wa kofia wanauimba kwenye vituo vya mafuta neno kwa neno. Ni wa Tracy Chapman, kaandika peke yake, ulitoka 1988. Mwaka huohuo wa 2023 CMA wakampa tuzo ya Wimbo wa Mwaka, ambayo ni ya mtunzi, na hakuna mtunzi mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Combs hakubadilisha maneno, hata pale anapoimba kama mwanamke anayefanya kazi dukani. Februari 2024 wakauimba pamoja Grammy, na yeye Combs anamtazama Tracy kama mtoto wa madrasa anavyomtazama mwalimu.

#39 Dada wa Mbeya
Ule mtazamo! Nimeurudia mara ngapi sijui.

#40 KofiaPana
Huyo ndiye kuli mstaarabu.

Wakuu, nimetafuta zaidi kuhusu wale wawili wa Tennessee Whiskey. Dean Dillon ndiye mkono nyuma ya nyimbo nyingi za mwimbaji George Strait, ikiwemo The Chair, na bintiye Jessie Jo naye ni mtunzi Nashville. Wameandika pamoja The Breath You Take ya Strait. Lakini Linda Hargrove alifariki 2010. Miaka mitano kabla ya ule usiku wa CMA. Hakuwahi kusikia watoto wa dunia nzima wakiimba maneno yake. Nimekaa na hili tangu jana, sijui hata nimwambieje shemeji.

#41 Chumvi Kidogo
Mwambie tu. Na ukimaliza mwambie kuwa maneno ni ya kina Dillon, lakini ule mwendo wa Stapleton ni wa Etta James, I'd Rather Go Blind, 1967. Zipige moja baada ya nyingine utanitafuta.

#42 Gitaa Kavu
Hapo Chumvi kasema kweli na ananiaibisha, maana nilisema kodi tatu. Ile ya Stapleton ni kodi mbili tu, A na B ndogo, mwanzo mpaka mwisho. Ya Etta James nazo mbili zilezile. Niliwahi kuanza moja nikamalizia nyingine, meza nzima haikugundua.

#43 Maryam wa Mji Mkongwe
Maneno ya wawili, mwendo wa Etta, koo la Stapleton. Kanga moja, washonaji watatu.

#44 Shemeji Halisi
Nimetumiwa link ya uzi huu na mke wangu. Mimi ndiye shemeji. Kwanza sikusema "anajua kuandika". Nilisema "wimbo wake huu unanimaliza". Wake. Kama nikisema "shati langu" haina maana nimelishona mimi.

Pili, nyama yake nimeifunika, iko kwenye friji.

#45 KofiaPana
Shemeji ulisema kuandika. Mashahidi wapo.

#46 Shemeji Halisi
Mashahidi gani, wote walikuwa wamelewa. Njoo Jumamosi. Umlete na huyo Gitaa Kavu.

#47 Gitaa Kavu
Arusha mpaka huko nauli nani?

#48 MtotoWaMabibo
Kuli.